Kwa nini kifaa cha kupunguza mlio hakifai kila bunduki?

Wakaazi wa Nateete, kitongoji chenye shughuli nyingi kwenye barabara ya Masaka mjini Kampala, wanaufahamu mlio wa bunduki. Kituo chao cha polisi kilichomwa moto katika machafuko ya Septemba 2009, serikali ilipozuia ziara ya Kabaka huko Kayunga. Novemba 2016, huko Masanafu, katika tarafa hiyo hiyo ya Rubaga, Meja Muhammad Kiggundu na mlinzi wake waliuawa kwa risasi na watu waliokuwa kwenye pikipiki.

Mauaji ya namna hiyo yanapotokea, swali la awali huwa ni nani aliyesikia mlio. Sinema zimewaaminisha wengi kwamba kipo kifaa kinachoifanya bunduki inong'one. Hakipo.

Bunduki hutoa sauti mbili. Ya kwanza ni mlipuko wa gesi ya baruti inapotoka mtutuni. Hiyo ndiyo inayopunguzwa, kwa gesi kupitishwa katika vyumba vidogo ndani ya kifaa. Ya pili ni mpasuko wa hewa pale risasi inapoishinda kasi ya sauti, ambayo ni takriban mita 345 kwa sekunde. Risasi ya AK-47 huruka kwa zaidi ya mita 700, hivyo mpasuko huo hubaki. Mlio wa desibeli 160 hushuka kwa 20 hadi 35 tu. Hata hivyo, tofauti hiyo huweza kuyanusuru masikio ya mfyatuaji, na ndiyo sababu wawindaji nchini Finland na Uingereza hukitumia.

Uchaguzi wa kifaa hutegemea kwanza kipenyo cha risasi. Kilichoundwa kwa milimita 5.56 kikifungwa kwenye bunduki ya 7.62, risasi hugonga kuta za ndani na kifaa huweza kupasuka mbele ya uso wa mfyatuaji. Kinyume chake risasi hupita, ila gesi nyingi huponyoka na mlio haupungui ipasavyo. Lakini kipenyo peke yake hupotosha: risasi ndogo ya .22 inakaribiana kwa unene na ya 5.56, ilhali shinikizo la baruti ya hii ya pili ni kubwa mno kwa kifaa cha ile ya kwanza.

Kwa shahidi, tatizo kubwa ni mwelekeo. Mlipuko wa mtutuni ukififia, sikio hufuata mpasuko unaosafiri na risasi. Katika vichochoro vya Nateete, mtu mkweli anaweza kuonyesha njia isiyo sahihi. Majangili wa faru nchini Afrika Kusini hunufaika na jambo hilo dhidi ya askari wa wanyamapori.

Kifaa hicho, hata hivyo, hakigusi alama ambayo pini ya bunduki huiacha kwenye ganda la risasi. Juni 2018, baada ya mauaji ya mbunge Ibrahim Abiriga, Rais Museveni aliagiza alama za bunduki zote nchini zisajiliwe.