Mwasho wa Siri Usiokwisha

Yapo magonjwa ambayo mtu huyataja mbele ya wote: homa, kikohozi, jino. Yapo na mengine ambayo baba wa nyumba huyaficha hata kwa mkewe, nayo ni mwasho wa viungo vya uzazi na uchungu wakati wa kukojoa. Hununua vidonge vichache sokoni, hupata nafuu siku mbili, kisha moto hurudi. Ndugu wasomaji, leo tuyaseme wazi.

Wengi hudhani mara moja kwamba ni kisonono. Pengine ndicho. Kijidudu chake kiligunduliwa na mganga Mjerumani Albert Neisser mwaka 1879, na kwa kawaida usaha hutoka kabla ya juma moja kwisha. Lakini klamidia huja polepole, na mara nyingi hutoa majimaji membamba na mwasho tu. Tena mwaka 1980, huko London, wanaume wawili walionekana na kijidudu kingine kidogo sana, aina ya mikoplasma. Penisilini huua vijidudu kwa kuuharibu ukuta wao wa nje. Hiki hakina ukuta huo, basi hata ukidungwa sindano kumi za penisilini hakifi. Hapo mnaona kwa nini dawa iliyomponya jirani haikuponyi wewe.

Zito zaidi ni hili: mume akitibiwa peke yake, hajatibiwa. Mkewe aweza kuwa na klamidia pasipo kusikia maumivu. Humrudishia mumewe, na mirija yake ya uzazi huweza kuziba. Ndipo ukoo humwita tasa na kutaka arudishwe kwao, hali pengine ugonjwa uliletwa na mume! Tumechoka kusikia mwanamke tu akishtakiwa. Hata mtoto aweza kuambukizwa macho wakati wa kuzaliwa. Basi mume na mke watibiwe pamoja, waimalize dawa hata uchungu ukiisha, wala wasilale pamoja mpaka matibabu ya wote wawili yamekamilika, yaani siku zisizopungua saba.

Walakini si kila mwasho ni wa zinaa, na mke asimshuku mumewe kabla ya kupimwa. Mwenye kisukari hutoa sukari katika mkojo, na kuvu hustawi chini ya govi. Sabuni kali huchubua ngozi. Maji safi yatosha. Huko Maniema, anayeoga mtoni aweza kupata kichocho, chenye kutoa damu mwishoni mwa mkojo. Dawa yake ni prazikwanteli. Wengine huumwa miezi mitatu na zaidi bila kijidudu kuonekana, na kwao kurudia-rudia antibiotiki ni kupoteza fedha.

Kwa hiyo mgonjwa aende hospitali, asikojoe kwanza muda wa saa moja au mbili, amwambie mganga dawa zote alizokwisha kumeza, hata zile za sokoni. Lakini akishindwa kabisa kukojoa, au akipata homa, au korodani moja ikivimba ghafula kwa maumivu makali, asingoje kuche. Aende usiku uleule.