Kocha wa makipa aliyeandika majina ya wagonjwa



Jioni jua likipoa viwanja vyetu vinajaa, na siku hizi wasichana nao wana timu zao. Lakini uliza nani anataka kukaa golini, uone. Kila mmoja anaangalia pembeni. Mwisho anawekwa yule mdogo, ama yule anayesemekana hajui kukimbia, na timu ikifungwa lawama zote ni zake. Mwezi huu tumeona tuwaletee habari za mwanamke aliyefanya kazi na watu hao wa golini kwa miaka mingi. Anaitwa Amy Griffin, ni Mmarekani, na kazi yake ilikuwa kocha wa makipa wa timu ya wanawake ya chuo kikuu.

KAZI HIYO ILITOKA WAPI

Wengine watashangaa: kwani chuo kikuu kinaajiri mtu kwa ajili ya kipa tu? Ndiyo. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria inayokataza kumbagua mtu kwa sababu ya jinsia katika shule na vyuo vinavyopokea pesa za serikali kuu. Basi vyuo vikalazimika kuwafungulia wasichana michezo pia. Mwaka 1982 ukafanyika ubingwa wa kwanza wa soka ya wanawake wa chama kikubwa cha michezo ya vyuo vya nchi hiyo. Timu zikaongezeka, na makocha wakahitajika. Msichana mwenye kipaji aliweza kusomeshwa kwa sababu ya mpira.

Griffin, ambaye zamani aliitwa Amy Allmann, alikuwa mmoja wa wasichana hao. Alidaka katika chuo kikuu cha Central Florida, kisha akaitwa timu ya taifa. Mwaka 1991 alikuwa katika kikosi kilichokwenda China kwenye Kombe la Dunia la kwanza la wanawake. Marekani ilishinda fainali 2-1 dhidi ya Norway, mabao yote mawili yakifungwa na Michelle Akers. Kipa wa kwanza alikuwa Mary Harvey. Griffin alikuwa kipa wa akiba. Si mnajua kipa wa akiba anavyoishi? Anafanya mazoezi kama wengine, anajiandaa kama wengine, halafu anakaa benchi. Lakini anayekaa benchi anaona mengi, na mtu wa namna hiyo anaweza kuwa mwalimu mzuri.

MSHAMBULIAJI AKAWA KIPA

Griffin alifundisha Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, kwa zaidi ya miaka 20, akiwa msaidizi wa kocha mkuu Lesle Gallimore. Mwaka 1999 alifika hapo msichana anaitwa Hope Solo. Shuleni kwao Solo alikuwa mshambuliaji hatari, alifunga mabao 109. Chuoni akawa kipa, na hapo ndipo kazi ya kocha inapoonekana. Kudaka sio kuruka tu. Kipa anafundishwa kusimama vizuri, miguu iwe tayari, vidole viwe nyuma ya mpira, ajue wakati wa kutoka na wakati wa kubaki. Zaidi ya hayo anafundishwa kusahau. Akifungwa dakika ya tano, bado zimebaki themanini na tano, na timu inamtegemea yeye yule yule.

Solo alicheza chuoni mpaka 2002. Baadaye alichukua medali mbili za dhahabu za Olimpiki, 2008 na 2012, na Kombe la Dunia la 2015. Dunia ilimwona yeye. Walimu wake wa golini wachache waliwajua.

NENO LA NESI

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuchague habari hii. Mwaka 2009 Griffin alikuwa hospitalini kumwangalia kipa kijana aliyepata kansa. Nesi aliyekuwa akimwekea dawa alishtuka kusikia ni kipa, kwa sababu wiki hiyo alikuwa amekwisha kuwahudumia makipa wengine. Neno hilo lilimkaa Griffin kichwani. Kwa nini makipa?

Akafikiria viwanja. Viwanja vingi vya huko vina nyasi za bandia, na katikati ya nyasi hizo humwagwa chembechembe nyeusi za matairi ya gari yaliyosagwa. Kipa ndiye anayelala chini mara nyingi kuliko wote. Chembe zinaingia kwenye vidonda, machoni, hata mdomoni. Na tairi lina kemikali nyingi, zingine zinajulikana kuwa na madhara.

Griffin angeweza kupiga kelele kwamba viwanja vinaua watoto. Hakufanya hivyo. Alianza kuandika: jina la mgonjwa, anacheza nafasi gani, ana kansa ya aina gani. Mwaka 2014 habari zake zilipotoka kwenye televisheni, orodha ilikuwa na wachezaji 38, na 34 kati yao walikuwa makipa. Alisema wazi kwamba yeye ni kocha, sio mwanasayansi, na akaomba wenye ujuzi wachunguze. Orodha ikafika watu 53.

JIBU LILILOKUJA

Idara ya afya ya jimbo la Washington na wataalamu wa chuo kikuu kile kile walichukua orodha hiyo wakaipima. Majibu yalitoka Januari 2017. Walihesabu kwamba, kwa idadi ya vijana wanaocheza mpira jimboni, wagonjwa wa kansa wangetegemewa kuwa 1,384 katika miaka waliyoiangalia. Waliokuwa kwenye orodha na kutimiza masharti ya uchunguzi walikuwa 28. Maana yake orodha haikuonyesha kwamba wacheza mpira wanapata kansa kuliko vijana wengine. Watafiti walisema pia kwamba huenda orodha haikuwa na wagonjwa wote, na kwamba hawakuzipima chembe zenyewe. Ushauri wao ulikuwa watoto waendelee kucheza, lakini wanawe mikono kabla ya kula, wasafishe vidonda, na chembe ikiingia mdomoni waiteme.

Uchunguzi haukuishia hapo. Serikali kuu ya Marekani ilianza wa kwake 2016, na taarifa ya mwisho ya 2024 ilisema kemikali zimo, lakini kinachoingia mwilini kwa mchezaji kinaonekana kuwa kidogo. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliamua 2023 kwamba chembe hizo ziache kuuzwa baada ya miaka minane, kwa sababu zinachafua ardhi na maji.

WACHEZAJI WASIOSIKIA

Griffin aliifundisha pia timu ya taifa ya wanawake viziwi ya Marekani. Chini yake ilichukua dhahabu ya Olimpiki ya viziwi 2017 huko Samsun, Uturuki, na ubingwa wa dunia 2023 huko Malaysia. Katika mechi hizo hakuna anayeruhusiwa kuvaa kifaa cha kusikia. Kipa hawezi kupiga kelele "wangu!" mabeki wakampisha. Inabidi wote wageuze kichwa, waangaliane, waelewane kwa macho na mikono. Wazazi wenye mtoto asiyesikia, msimfiche ndani. Mleteni uwanjani, na wenzake wajifunze ishara zake.

SISI TUNACHUKUA NINI

Kambini habari inatembea kuliko maji ya bomba. Leo unga una sumu, kesho chanjo inafanya hivi na vile. Hatusemi mwenye wasiwasi anyamaze, hapana. Mama akiona watoto watatu wa mtaa mmoja wanaugua namna moja, asidharaulike. Lakini aandike: nani, lini, alikula nini, alikunywa maji ya wapi. Kama hajui kuandika, mwanafunzi wa jirani amsaidie. Karatasi hiyo aipeleke kwa mhudumu wa afya wa mtaa au zahanati, adai jibu, na jibu likija alisikilize hata kama sio alilolitegemea. Waliomjibu yule kocha walikuwa na kitu cha kupima kwa sababu yeye alikuwa na orodha.

Na makipa wetu, wavulana kwa wasichana, uwanja wetu ni kokoto na vumbi. Ukichubuka, osha kidonda kwa maji safi na sabuni siku ile ile. Kikivimba au kutoa usaha, nenda zahanati. Makocha, msimweke golini mtoto kama adhabu. Mpeni naye mazoezi yake, hata robo saa kila siku.