Kuingia Chuo Kikuu kwa Mlango wa Uani



Hapa mjini ukisikia kwamba fulani ameingia mahali kwa mlango wa nyuma, huna haja ya kuuliza zaidi. Unajua kuna bahasha imepita chini ya meza. Leo hata hivyo nataka kuzungumzia mlango wa nyuma ulio halali, unaojulikana na wenye nyumba, na ambao uliwekwa makusudi ili watu wapite. Mimi nauita mlango wa uani. Ni vile vyuo vya jamii vya Marekani, ambavyo vijana wetu huviita komuniti koleji.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, kila mwaka matokeo ya mitihani yakitoka, wazazi huniuliza: je, ni kweli kwamba mtoto anaweza kuanza katika chuo kidogo cha bei nafuu huko Marekani, kisha akaishia chuo kikuu kikubwa? Pili, nina deni la moyoni kuhusu habari hii. Deni hilo nitalieleza mbele kidogo.

Jibu la swali la wazazi ni ndiyo, inawezekana. Lakini ndiyo hiyo ina masharti, na masharti hayo ndiyo hasa mazungumzo yetu ya leo.

Tuanze na asili yake. Mwaka 1901, katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois, wakuu wawili wa elimu walikubaliana jambo. Mmoja alikuwa J. Stanley Brown, mkuu wa shule ya sekondari ya hapo, na mwingine William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago. Walisema kwamba mwanafunzi anaweza kusoma miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu akiwa nyumbani kwao, kisha akaenda chuo kikuu kumalizia. Darasa la kwanza lilikuwa na wanafunzi sita tu. Chuo hicho cha Joliet kipo mpaka leo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalipanuka. Sheria ya mwaka 1944 iliwapa askari waliorudi vitani fedha za kusoma, na vyuo vikuu vikafurika. Mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ilipendekeza vyuo vya jamii vienezwe nchi nzima. Leo viko takriban elfu moja. Si vyuo vya watu walioshindwa, kama wengine wanavyodhani. Jill Biden aliendelea kufundisha katika chuo kimoja cha namna hiyo huko Virginia hata mumewe alipokuwa Rais wa nchi. Mcheza sinema Tom Hanks alianzia Chabot College, California, kisha akahamia chuo kikuu cha jimbo mjini Sacramento.

Sasa tuuangalie utaratibu wenyewe. Huko masomo huhesabiwa kwa krediti. Somo moja la kawaida la muhula huwa na krediti tatu, yaani saa tatu hivi za darasani kila wiki. Shahada ya kwanza ya chuo kikuu huhitaji krediti 120 hivi, ambazo ni miaka minne. Chuo cha jamii hufundisha nusu ya kwanza, krediti 60, na mwanafunzi akimaliza hupewa digrii ya asosieti. Akihamia chuo kikuu na krediti zake zote zikapokelewa, haanzi upya. Anaingia mwaka wa tatu. Baada ya miaka miwili anapata shahada ile ile, yenye jina la chuo kikuu kile kile, kama mwenzake aliyeingia kwa mlango wa mbele. Hakuna mahali kwenye cheti palipoandikwa kwamba huyu alipitia uani.

Hapo ndipo tofauti na kwetu inapoonekana. Hapa nyumbani, mwenye stashahada akikubaliwa chuo kikuu, mara nyingi anaanza mwaka wa kwanza pamoja na waliotoka kidato cha sita. Ile stashahada imemfungulia mlango, lakini haikumpunguzia safari. Kule Marekani, mambo yakienda sawa, unafunguliwa mlango na safari inapunguzwa pia.

Jimbo lililoupanga mfumo huu kwa makini kuliko mengi ni California. Mwaka 1960 lilipitisha mpango mkuu wa elimu ya juu, na mmoja wa waliousimamia alikuwa Clark Kerr, rais wa Chuo Kikuu cha California. Mpango ulisema: Chuo Kikuu cha California kichukue wanafunzi kutoka katika sehemu moja bora ya nane ya wanaomaliza sekondari, vyuo vikuu vya jimbo vichukue kutoka theluthi moja iliyo bora, na vyuo vya jamii vimpokee yeyote anayeweza kufaidika na masomo. Lakini yule aliyepokelewa chini asifungiwe chini. Awekewe ngazi ya kupandia.

Leo California ina vyuo vya jamii 116. Mkazi wa jimbo hulipa dola 46 kwa krediti moja, kwa hiyo krediti 60 humgharimu dola 2,760. Mgeni kutoka kwetu halipi hivyo. Katika vyuo vingi yeye hulipa dola 300 na zaidi kwa krediti, yaani si chini ya dola 18,000 kwa krediti zote 60. Ni fedha nyingi, sikatai. Lakini karo ya mgeni katika Chuo Kikuu cha California ni zaidi ya dola 40,000 kwa mwaka mmoja, bila chakula wala malazi. Kwa hiyo nafuu ipo, na si ndogo.

Ngazi hiyo pia ina vishikio vilivyoandikwa katika sheria. Sheria ya California ya mwaka 2010 ilianzisha digrii maalumu ya asosieti kwa ajili ya kuhamia: anayeimaliza kwa masharti yake huhakikishiwa nafasi katika mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Chuo Kikuu cha California nacho kina mkataba wa uhakika katika matawi yake sita, yakiwamo Davis, Irvine na Santa Barbara. Berkeley na Los Angeles hayamo katika mkataba huo. Huko unaomba na kushindana kama wengine. Jimbo la Florida nalo humhakikishia mwenye digrii ya asosieti ya sanaa kutoka vyuo vyake nafasi katika mojawapo ya vyuo vikuu 12 vya jimbo, ingawa si lazima iwe chuo wala fani aliyoitamani.

Mpaka hapo, msikilizaji, unaweza kudhani mambo ni mteremko. La hasha. Sasa nilipe lile deni langu.

Miaka kadhaa iliyopita dada yangu alinijia na karatasi za chuo kimoja cha jamii cha huko, alizoletewa na wakala wa hapa mjini. Mwanawe alikuwa amekubaliwa. Dada hakusoma sana, na katika ukoo wetu mimi ndiye ninayehesabiwa kuwa mtu wa karatasi. Akaniuliza, "Kaka, hiki ni chuo cha kweli?" Nikatazama, nikaona kinatambuliwa na serikali yao, nikamwambia ni cha kweli. Wakala akaongeza, "Mama, chuo ni chuo. Akimaliza hapa anaunganisha tu." Dada akauza kiwanja chake cha Kigamboni.

Kijana alisoma kwa bidii. Alimaliza na krediti 62, alama nzuri tupu. Alipokwenda kuomba chuo kikuu, waliichukua orodha ya masomo yake, wakaipitia, wakakubali krediti 21. Nyingine zote walisema hazilingani na masomo yao. Alinipigia simu usiku wa manane wa kwetu. "Mjomba," aliniambia, "nimebakiza krediti tisini na tisa. Nitamwambia nini mama?" Badala ya miaka miwili alihitaji zaidi ya mitatu, na kiwanja cha pili hakikuwapo.

Chuo hakikumdanganya. Yalikuwa yameandikwa katika karatasi zile zile nilizozitazama mimi. Digrii za asosieti si za aina moja. Zipo za sanaa na za sayansi, zilizopangwa kwa ajili ya kuhamia chuo kikuu. Na ipo ile ya sayansi tumizi, iliyopangwa kumpeleka mtu moja kwa moja kazini: fundi magari, karani wa hospitali, fundi wa majokofu. Ni elimu nzuri, na wengi imewapa maisha. Lakini krediti zake nyingi hazivuki kwenda chuo kikuu. Mpwa wangu alikuwa ameandikishwa katika hiyo, na mimi, mtu wa karatasi, niliuliza kama chuo ni cha kweli, sikuuliza kinampeleka wapi.

Wala si yeye peke yake. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa taarifa kuhusu wanafunzi waliohama vyuo kati ya mwaka 2004 na 2009. Iligundua kwamba kwa wastani walipoteza takriban asilimia 43 ya krediti zao. Na takwimu za nchi hiyo za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba katika kila wanafunzi 100 wanaoanza chuo cha jamii, wapatao 80 wana nia ya kupata shahada. Wanaohamia chuo kikuu ni kama theluthi moja. Na wanaoipata shahada ndani ya miaka sita ni 16 hivi. Sababu ni nyingi. Wengi wao wanafanya kazi, wana watoto, husoma muda mchache, wengine huishiwa fedha. Lakini kupotea kwa krediti ni mojawapo ya mashimo yanayomeza watu njiani.

Basi, mzazi afanye nini? Nashauri mambo manne.

La kwanza, anzeni safari kutoka mwisho. Msianze na chuo cha jamii. Anzeni na chuo kikuu ambacho kijana anataka kumalizia, na fani anayoitaka. Kisha rudini nyuma muulize: ni chuo gani cha jamii chenye mkataba wa kupokeana krediti na hicho, kwa fani hiyo? California ina daftari rasmi kwenye intaneti liitwalo ASSIST, linaloonyesha somo hili la chuo hiki linalingana na somo gani la chuo kikuu kile. Kulisoma hakulipiwi hata senti moja. Nami nakiri kwamba mwaka ule sikujua kama lipo kitu cha namna hiyo.

La pili, ulizeni kwa maandishi digrii ni ya aina gani, na kama imepangwa kwa ajili ya kuhamia. Jibu la wakala si jibu. Jibu litoke kwa mshauri wa wanafunzi wa chuo chenyewe, na kijana akishafika huko amwone mshauri huyo kila muhula kabla ya kuchagua masomo. Ajue pia kwamba madarasa ya maandalizi ya Kiingereza mara nyingi hayahesabiwi katika zile krediti 60, na kwamba somo alilopata alama chini ya C mara nyingi halivuki.

La tatu, pigeni hesabu ya miaka yote minne, si miwili. Uani ni rahisi, ukumbini si rahisi. Akishahamia chuo kikuu, mgeni hulipa karo ya mgeni, na mikopo ya serikali ya Marekani haimhusu. Vyuo vingi vya jamii havina mabweni, kwa hiyo chumba cha kupanga na nauli viingie katika hesabu tangu mwanzo.

La nne ni viza. Mwanafunzi mgeni hulazimika kusoma muda wote, kwa kawaida krediti zisizopungua 12 kwa muhula, na anapohama chuo, kumbukumbu zake za uhamiaji lazima zihamishwe pamoja naye. Sheria hizi hubadilika, na nchi moja hutendewa tofauti na nyingine. Kwa hiyo pateni habari za ubalozini kabla hamjalipa ada ya chuo wala hamjauza kitu.

Ndugu wasikilizaji, huenda mnauliza mpwa wangu aliishia wapi. Alitafuta chuo kikuu kingine kilichomkubalia krediti zaidi kidogo, akapunguza masomo, akafanya kazi pale pale chuoni kwa saa alizoruhusiwa, na ndugu tukachangishana. Shahada aliipata, ingawa kwa kuchelewa. Siku aliyotuma picha akiwa na joho, dada yangu aliitazama muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Kaka, kiwanja kile sasa wamejenga ghorofa." Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi nilijifunza kwamba hata anayeuliza yampasa ajue la kuuliza. Mlango wa uani upo, ni halali, na umewaingiza watu wengi ukumbini. Lakini nyumba zile zina milango mingi ya uani, na mingine inatokea barabarani tu. Kabla hujamsukuma mwanao apite, simama kizingitini uulize: mlango huu unatokea wapi?

Mpaka wiki ijayo, Mungu akipenda. Kwaherini.