Antivairasi ilikataa kuingia kwenye seva, kumbe shida iliwekwa miaka iliyopita

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri, niko kwenye stoo ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Laiser Hill, kaunti ya Kajiado. Seva imekaa juu ya kreti ya soda, katikati ya mabati na ndoo za rangi. Kwenye skrini mstari wa kijani unafika asilimia 80 hivi, unasimama, halafu unarudi nyuma hadi sifuri. Antivairasi imekataa kuingia. Mara ya nne hiyo.

Ndani ya seva hiyo kuna stoku yote, madeni ya wateja na mishahara ya watu 14. Auntie wa uhasibu alisimama mlangoni na simu mkononi. "Kijana, nilipe watu ama tungoje?" Nikamwambia tungoje. Hapo nikajua nimejitia motoni, maana landlord wa mtu haelewi mambo ya seva.

Kisa kilianza Jumatano. Kompyuta moja ya kaunta ilikuwa inafungua kurasa za kamari yenyewe, bila mtu kuigusa. Mdosi, mama ambaye huhesabu hata misumari, akashuka Nairobi akanunua antivairasi ya boksi, ile ya kompyuta tatu, akaniita. Kwenye kompyuta za kaunta iliingia sawa. Kwenye seva haikumaliza hata dakika moja, ikasema mfumo huu siuwezi. Seva yenyewe ni Windows Server 2016, na antivairasi nyingi za nyumbani hukataa Windows Server kabisa. Lazima ununue toleo la biashara, na bei yake si ile.

"Si Windows ni Windows?" mdosi akauliza.

"Mama, hata matatu na lori zote zina magurudumu," nikamjibu. Alicheka, lakini pesa alitoa kwa uchungu.

Na si kwamba tulikuwa tunaogopa kivuli. Aprili 2023 hata Naivas, supamaketi kubwa hivyo, walikiri kuvamiwa na wahalifu wa mtandao wanaofunga data na kudai pesa. Tena Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema data za watu zikiingiliwa kwa namna inayoweza kuwadhuru, una saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Daftari la madeni la duka lina majina, namba za simu na namba za vitambulisho. Hizo ni data za watu, hata kama duka liko kando ya vumbi.

Kabla ya kugusa kitu, nilinakili kila faili muhimu kwenye diski ya nje, nikaichomoa, nikampa Auntie aiweke kwenye kabati lenye kufuli. Antivairasi huingia ndani sana ya mfumo. Julai 19, 2024, apdeti moja mbovu ya CrowdStrike iliangusha kompyuta milioni 8.5 za Windows duniani, na hao ni watu wa usalama wenyewe. Mimi ni nani?

Halafu nikatoa ile antivairasi ya zamani, iliyokuwa ya kampuni hiyo hiyo, nikaanza kuweka mpya. Ikagoma. Nikapitia ya kawaida. Nimeingia kama administrator? Ndio. Nafasi kwenye diski? Tele. Kuna apdeti za Windows zinazongoja seva izimwe na kuwashwa? Nikaizima, nikaiwasha. Saa na tarehe? Hili watu hudharau, lakini kile kibetri kidogo cha ndani kikifa, saa hurudi miaka nyuma na programu huanza kuona vyeti vya usalama kama feki. Saa ilikuwa sawa. Nikacheki Defender, ambayo kwenye Windows Server haijiondoi yenyewe antivairasi nyingine ikija. Nikakuta kuna mtu aliizima zamani sana.

Kosa lililotokea kwenye skrini lilikuwa 1603. Ukiligoogle utapata majibu elfu moja, kwa sababu 1603 maana yake ni kwamba imeshindwa, basi. Sababu yenyewe iko kwenye faili la kumbukumbu ambalo programu huacha kwenye folda ya Temp. Usilisome lote, utazeeka. Tafuta maneno "Return value 3", kisha soma mistari iliyo juu yake. Yangu ilisema programu imeshindwa kufikia kompyuta za kampuni yake ili ivute orodha ya virusi.

Lakini intaneti ilikuwa poa! YouTube ilifunguka. Nikatumia data ya simu yangu badala ya waifai ya duka, mambo yakawa yale yale. Basi tatizo liko ndani ya seva.

Kuna faili linaitwa hosts, liko C:\Windows\System32\drivers\etc. Ni kama kijitabu cha anwani ambacho Windows hukitazama kabla haijauliza intaneti. Nikalifungua. Mistari 11, yote ya kampuni ile ya antivairasi, na kila mmoja umeelekezwa 127.0.0.1, yaani seva ijipigie simu yenyewe.

Nikampigia fundi wa zamani, siku hizi yuko Kitengela. Hakuzunguka. "Aah bro, hiyo ilikuwa kreki. Ilibidi nizuie isiulize laiseni." Mdosi anasema laiseni alilipia. Hapo sikuingia.

Sijifanyi mtakatifu, laptop yangu ya kwanza ilijaa kreki. Lakini mistari ile iliyozuia swali la laiseni ilizuia pia apdeti. Rekodi zilionyesha apdeti ya mwisho ni ya 2022. Miaka hiyo yote alama ya kijani ilikuwa pale chini kwenye kona, na kila mtu akiiona anatulia.

Nikafungua Notepad kama administrator, nikafuta mistari yote, nikasevu, nikaandika ipconfig /flushdns. Nikatumia kifaa cha kampuni cha kusafisha mabaki ya toleo la zamani, nikazima na kuwasha. Saa kumi na mbili na robo mstari wa kijani ulipita 80, ukafika mwisho.

Ukaguzi ulikimbia usiku kucha. Kitu cha kwanza kukamatwa kilikuwa kwenye Downloads: kreki yenyewe. Vingine vitatu vilikuwa kwenye folda ambayo antivairasi ya zamani ilikuwa imeambiwa isiiangalie. Tulibadilisha nywila zote, na nikamwambia mdosi ukweli, kwamba seva iliyokaa hivyo haiaminiki, inafaa ifutwe ijengwe upya. Amesema Desemba, duka likifungwa.

Mishahara iliingia Jumamosi saa nne asubuhi. Yangu ilikuja Jumanne, baada ya kukumbusha mara mbili.