“Usalama” katika miongozo ya mifumo endeshi: mpangilio wa mada na istilahi zake

Neno “usalama” hubeba maana mbili: hali ya kutokuwa hatarini, na kazi ya kuilinda hali hiyo. Katika mazungumzo ya kawaida jambo hili halimtatizi mtu. Katika mwongozo wa mfumo endeshi hutatiza, kwa kuwa kichwa “Usalama” hakimwambii msomaji kama atakuta humo nywila, ruhusa za mafaili, usimbaji fiche au masasisho.

Mwongozo wa FreeBSD ni mfano mzuri. Una sura yenye jina hilo, lakini ukaguzi wa matukio ya kiusalama umepewa sura yake, na kuta za moto, yaani vichujio vya mawasiliano, zimewekwa mbali, katika sehemu ya mtandao. Mantiki yake inaeleweka: anayeweka kichujio anashughulika na mtandao. Hata hivyo, msomaji aliyemaliza sura ya usalama anaweza kudhani amemaliza kazi, ilhali milango ya mtandao ingali wazi. Mpangilio wa namna hii hudai marejeo kutoka sura hadi sura, na marejeo hayo hufaa tu iwapo istilahi ni ileile kila mahali. Mtafsiri akiandika “nywila” huku na “nenosiri” kule, anayetafuta neno moja hatalipata la pili.

Dhana mbili zisichanganywe kamwe. “Uthibitishaji” hujibu swali la mtumiaji ni nani. “Uidhinishaji” hujibu anaruhusiwa kufanya nini. Kuingia kwa nywila sahihi hakumpi mtu haki ya kufuta mafaili ya mwenzake.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika ruhusa. Mifumo ya jamii ya Unix ina ruhusa tatu za msingi: kusoma (4), kuandika (2) na kutekeleza (1). Kwa faili la programu, “kutekeleza” ni tafsiri sahihi. Kwa saraka, neno hilo hupotosha, kwani saraka haitekelezwi. Ruhusa hiyo humwezesha mtumiaji kupita na kuyafikia yaliyomo. Mwenye ruhusa ya kusoma saraka pekee huona majina ya mafaili asiweze kuyafungua. Mwenye ruhusa ya kupita pekee anaweza kulifikia faili analolijua jina, bila kuorodhesha mengine. Hapa inafaa kuandika “kupita”, na kueleza mara moja kwamba alama yake ni ileile x.

Suala la mahali pa kuweka onyo si la mapambo. Ruhusa 777 humpa kila mtumiaji wa kompyuta uwezo wa kusoma, kuandika na kutekeleza, na wengi huinakili ili tu kosa liondoke kwenye skrini. Onyo lake likae juu ya amri, katika ukurasa uleule. Likihamishiwa sura ya usalama, kurasa mia moja mbele, msomaji atalikuta amekwisha kubonyeza kitufe.