Under the Bridge
"Under the Bridge" (yaani "Chini ya Daraja") ni wimbo wa bendi ya muziki wa roki ya Red Hot Chili Peppers kutoka nchini Marekani. Unapatikana katika albamu yao ya tano, Blood Sugar Sex Magik, iliyotolewa tarehe 24 Septemba 1991, na ulitoka kama singo mwaka 1992. Wimbo unahusu upweke wa mtu anayeishi katika jiji la Los Angeles.

Historia

Mwaka 1988 mpiga gitaa wa bendi, Hillel Slovak, alifariki kutokana na heroini. Mwimbaji Anthony Kiedis, aliyekuwa mtumiaji pia, aliacha dawa hizo mwaka huohuo. Baadaye alijiona ametengwa na wenzake, mpiga gitaa John Frusciante na mpiga besi Flea, waliokuwa wakivuta bangi pamoja. Aliandika hisia hizo kama shairi, akidhani halifai kwa bendi iliyojulikana kwa muziki wa funk wenye kelele. Mtayarishaji Rick Rubin aliliona katika daftari lake na kumhimiza awaonyeshe wenzake.

Maudhui na muziki

Msimulizi hana rafiki isipokuwa jiji lenyewe. Kwa kutumia tashihisi, wimbo unalipa jiji sifa za mtu: linamwona, linamjua na kulia naye. Sehemu ya mwisho inaeleza asili ya upweke huo: siku alizotumia dawa za kulevya chini ya daraja moja jijini. Kiedis hakutaka kutaja daraja hilo liko wapi.

Wimbo unaanza polepole kwa gitaa pekee. Ngoma na besi huingia baadaye. Mwishoni inasikika kwaya, ambayo mama yake Frusciante alikuwa mmoja wa waimbaji wake.

Mapokezi

Wimbo ulifika nafasi ya 2 katika chati ya Billboard Hot 100 na kuipatia bendi mashabiki wengi wapya. Video yake iliongozwa na Gus Van Sant.

Mwaka 1998 kundi la All Saints la Uingereza liliurudia, na toleo lao likashika nafasi ya kwanza nchini humo. Toleo hilo liliacha ubeti wa mwisho unaohusu dawa za kulevya. Hivyo msikilizaji wake anausikia upweke wa jijini, lakini si chanzo chake.