Nani Alipanda Mgagani Huu?

Nyumba mbili zimetenganishwa na ua wa minyaa katika kijiji kimoja wilayani Chamwino, mkoani Dodoma. Udongo ni uleule mwekundu, na mvua ya kwanza ya msimu ilizinyeshea zote usiku mmoja. Upande huu wa ua uwanja ni mtupu, umefagiliwa ukatakata. Upande wa pili, nyuma ya jiko, ardhi haionekani kwa miche: mgagani wenye vijani vitano vitano, mchicha mwekunduwekundu chini ya shina, na mlenda unaoanza kutambaa. Hakuna tuta wala mstari, na hakuna alama ya jembe. Nilimwamkia mwenye nyumba, nikamuuliza ni nani aliyepanda.

Bibi huyu, ambaye hakupenda jina lake litokee gazetini, alijibu kwamba hakuna aliyepanda. Mboga zimerudi zenyewe, kama kila mwaka. Jibu hilo halikuniridhisha, kwa sababu mboga hazikurudi kwa jirani. Nilipomsumbua zaidi akanivutia kigoda, akaanza kueleza. Ndipo nikaelewa kwamba kurudi zenyewe ni kazi inayoanza miezi minane kabla ya tone la kwanza la mvua.

Inaanza Aprili. Wakati huo mvua inaondoka, majani yamekakamaa, uchungu wake umezidi, na watu wengi hung'oa mashina yote ili uwanja upate kufagiliwa vizuri. Yeye hupita kwanza akitazama maua. Shina la mgagani lililowahi kutoa maua halimpendezi, kwa kuwa likishachanua hupunguza majani, na mboga ni majani. Anatafuta yale yaliyochelewa, yaliyowalisha wajukuu kwa muda mrefu kabla ya kukumbuka kuchanua. Akiyapata, huyafunga kitambaa kila moja. Mtoto yeyote wa nyumba ile anajua kwamba shina lenye kitambaa halichumwi, hata siku ambayo hakuna kitoweo kingine.

Maganda ya mgagani ni membamba na marefu, yamesimama kuelekea juu. Yakigeuka njano ni lazima uwe karibu, kwani hupasuka na kumwaga kila kitu. Bibi huyaacha mengine yapasuke yapendavyo, na mengine huyakata mapema na kuyaanika juu ya kanga kuukuu. Alinimiminia kiganjani mbegu za akiba kutoka kwenye kibuyu, zimechanganywa na majivu. Nilizisogeza juani nizione vizuri. Ni nyeusi, hazifiki ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti, zina mikwaruzo na zimejikunja kama gamba la konokono. Kitu kidogo kiasi kile kinabeba mboga ya nyumba nzima.

Kisha akaniambia jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Mbegu ya mgagani ukiichuma leo na kuipanda leo, usitegemee kitu. Ni lazima ipumzike. Watafiti wa mboga za asili wamethibitisha hivyo: mbegu mbichi za mgagani huota kwa shida, na huhitaji miezi kadhaa ya kukaa kabla ya kukubali maji. Kiangazi cha Dodoma, kutoka Mei hadi Novemba, kinazitosha. Halafu kuna giza. Mbegu hii huota vizuri zaidi ikiwa imefunikwa, mwanga huizuia. Bibi hakuzungumza habari za mwanga. Alisema mgagani una haya, hautaki kuchungulia ukitazamwa. Kwa hiyo kona ile ya nyuma ya jiko haipitishwi ufagio kiangazi chote. Majani makavu hubaki yalipoanguka, na samadi ya mbuzi hutandazwa juu yake, maana zamani palikuwa na zizi hapo, na mgagani hupenda sana mahali palipolala mifugo.

Mchicha pori una tabia nyingine. Mbegu zake nyingi huamshwa na mwanga, hivyo huchipua udongo unapogeuzwa. Bibi anajua kuku walipekua wapi kwa kuangalia mchicha umeota wapi. Mlenda nao una ganda gumu lisilopitisha maji, na ndiyo maana wanawake wanaoupanda shambani huzimwagia mbegu maji ya moto kwanza. Uwanjani kazi hiyo inafanywa na jua la Oktoba na Novemba, linalouchoma udongo hadi ganda likalegea. Sisi tunaliona jua lile kama adui wa kila kitu kijani. Kumbe bila ukali wake mlenda mwingi ungebaki umelala.

Msomaji wa Dodoma hahitaji kukumbushwa thamani ya mboga hizi. Mkoa una msimu mmoja tu wa mvua, na kati ya Desemba na Februari ghala huwa limeshuka huku uwele na mtama vikiwa bado majani. Mchicha unachumwa wiki ya tatu au ya nne, mgagani muda mfupi baadaye, ukachemshwa kupunguza uchungu na kuungwa kwa karanga. Mlenda mbichi hupikwa kwa magadi, na unaobaki huanikwa na kusagwa ukawa mboga ya kiangazi. Uwanja hulisha nyumba kabla shamba halijaanza.

Nilidhani bibi angemlaumu jirani yake. Hakumlaumu. Alisema uwanja safi ni heshima ya nyumba na kinga dhidi ya nyoka, na yeye mwenyewe hufagia mbele kila alfajiri. Anachoomba ni kona moja tu. Kinachomsikitisha ni kwamba mabinti zake waliojenga mjini wamezibandika pevingi nyua zao kutoka ukuta hadi ukuta, na wanapomtembelea hubeba mifuko ya mboga. Dodoma inakua haraka tangu Serikali ilipotangaza kuhamia huko mwaka 2016, na kila kiwanja kipya kinataka kung'aa.

Liko pia jambo la mvua. Siku hizi, anasema, mvua ya kwanza huja ikadanganya: inanyesha, miche inachipua, kisha anga linafunga hadi miche inakauka. Hana hofu kubwa, kwa kuwa mbegu haziamki zote kwa pamoja. Zipo zinazongoja mvua ya pili, na zipo zinazongoja mwaka mwingine. Lakini udongo unaweza kuvumilia mvua ngapi za uongo kabla akiba yake haijakwisha? Nani atafunga vitambaa Aprili ile ambayo bibi hatakuwapo? Wajukuu wanajua kutochuma shina lenye kitambaa. Sikuona hata mmoja anayejua kulichagua.

Huko Arusha, kituo cha World Vegetable Center kinahifadhi mbegu za mboga za asili za Afrika kwenye vyumba vya baridi, na kazi hiyo ni ya kushukuriwa. Hata hivyo, chumba cha baridi kinahifadhi mbegu tu. Jicho linalotambua shina lililochelewa kuchanua, na mkono unaouzuia ufagio mwezi wa Agosti, vinahifadhiwa na watu, na watu wenyewe wanazeeka. Tumezoea kuziita mboga hizi za porini, zinazojiotea, na kwa kuziita hivyo tumewanyima wanawake kama huyu sifa ya wakulima. Mgagani wa nyuma ya jiko lile una aliyeupanda. Alitumia kitambaa na subira badala ya jembe.

Basi mvua zitakapokuwa zinaaga mwaka huu, kabla hujang'oa yote, chagua mashina matano yaliyochelewa kutoa maua. Yafunge kitambaa, yaache yakomae na kupasuka, na waonyeshe watoto ni kwa nini umechagua hayo. Halafu, kiangazi kizima, ufagio wako uishie kabla ya kona hiyo.